Nusu Alama kwa Kila Kosa

Juzi mmoja wenu, mwalimu mgeni mwenye haraka zake, alinipigia simu kuniuliza niliwezaje kusahihisha vijitabu sitini vya mtihani kwa siku mbili. Nilicheka, kisha nikakosa raha jioni nzima. Nitawaambieni nilivyokuwa nikifanya, na nikimaliza nitawaomba msifanye hivyo hata siku moja. Msinikatize. Mimi ni mtoto wa Bondeni, hapa hapa Nakuru, nimelelewa kwenye nyumba ya wanawake sita, na kwetu mtu akikatizwa huanza upya.

Nilifundisha Kiingereza cha kazi kwa wanafunzi wa afya wa chuo kikuu: wauguzi, maafisa wa kliniki, watu wa maabara na wa lishe. Miaka ishirini na saba. Watu wakisikia hivyo huniuliza, kwani hao hawajui Kiingereza? Wanakijua. Wamekifanyia mitihani tangu wakiwa na meno ya utotoni. Lakini mgonjwa wa Nakuru haongei Kiingereza. Anasema, "Daktari, hii mwili yote inaniuma, na kuna kitu inatembea hapa kwa mgongo." Mwanafunzi anatakiwa ayachukue maneno hayo pale kitandani, ayafikishe kwenye faili kwa Kiingereza, na lisianguke hata moja njiani. Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifundisha, na ilinichukua miaka mingi kuielewa.

Siku yangu ya kwanza niliingia darasani na kifungu cha kusoma kuhusu familia ya Kizungu iliyokwenda likizo pwani, wakala aiskrimu, mvua ikawanyeshea. Kijana mmoja akainua mkono.

"Madam, mgonjwa ni nani hapa?"

Nikamwambia hakuna mgonjwa.

"Sasa tunasoma ya nini?"

Nilimtoa nje kwa utovu wa adabu. Leo ningemkalisha mbele, nimwombe anisaidie kupanga masomo ya muhula.

Mwalimu aliyenitangulia alikuwa mzee nadhifu, viatu vyake havikushika vumbi hata wakati wa kiangazi. Alipostaafu aliniachia ufunguo wa kabati, rula ya chuma, na kipimo chake cha kusahihisha. Alama ni thelathini. Kila kosa la lugha, kata nusu alama. Usijali kosa ni kubwa au dogo, kosa ni kosa. "Ukimhurumia mmoja," aliniambia, "kesho wote watapanga foleni ofisini kwako." Nilikipenda kipimo kile. Kilikuwa na haki machoni pangu, na kilikuwa cha haraka. Mwanafunzi akija kunung'unika namhesabia vile viduara vyangu vyekundu kimoja kimoja, anaondoka kimya.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Mwisho wa muhula tuliwapeleka wodini, wanafunzi wawili kwa kila mgonjwa. Kila mmoja alimwangalia mgonjwa, akaongea naye, kisha akaandika peke yake ripoti ambayo muuguzi wa zamu inayofuata angeweza kuitumia. Sista mkuu wa wodi alikusanya vijitabu akanitumia. Mimi nilivisahihishia nyumbani, mezani, na chai yangu ya tangawizi pembeni. Nawaomba mlitie akilini jambo hili: kwa miaka yote hiyo sikumwona hata mgonjwa mmoja kati ya wale ambao ripoti zao nilizisahihisha.

Sasa niwaambie habari za Nasimiyu.

Alikuwa msichana wa mtaa wa Rhonda. Babu yake alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, na ukoo wote ukabaki hapa. Alikuwa mwaka wa tatu wa uuguzi, na majirani walishaanza kumwita sista na kumgongea mlango watoto wao wakipata homa. Wodini walimsifu. Kwangu alikuwa ameanguka mara mbili. Aliandika kama anavyoongea, sentensi ndefu isiyopumua, vitenzi vinakimbizana, herufi kubwa zinajiotea zenyewe. Na kanuni ya chuo ilikuwa wazi: ukianguka somo moja mara ya tatu, unafunga virago.

Nilimwita kabla ya ule mtihani wa tatu. Nilitaka apite, wallahi nilitaka. Nikampa ushauri niliouona wa mama kwa mwana.

"Nasimiyu, andika kidogo. Ukiandika kidogo utakosea kidogo."

Akanitazama. "Na zile zingine, Madam, niziache wapi?"

Nikadhani ananijibu kwa kiburi. Nikamwambia aende.

Siku ya mtihani alipangwa na Kelvin, kijana mwerevu wa darasa lile, kwa mzee mmoja wa Kikopey aliyekuwa akikata nyama kwenye bucha za pale barabarani. Mzee alikuwa amevunjwa mguu na pikipiki, akafungwa plasta kutoka gotini hadi kwenye wayo siku iliyotangulia. Kelvin aliandika sentensi tatu fupi: mgonjwa yuko sawa, halalamiki, aendelee na matibabu. Nilizisoma mara mbili nikitafuta pa kukata. Nikampa thelathini juu ya thelathini na kumwandikia pongezi pembeni.

Nasimiyu alijaza kurasa mbili. Nilifika kosa la thelathini nikaanza kuchoka. Mwishoni kabisa palikuwa na mstari mmoja wa wino wa buluu, wakati kurasa zote zilikuwa za wino mweusi. Niliuona ule wino. Sikujiuliza umebadilikaje. Nikakuta kosa moja humo pia, nikalizungushia kiduara, nikakata. Jumla makosa arobaini na moja. Akapata tisa na nusu, na ya kupita ilikuwa kumi na mbili.

Matokeo yalipobandikwa alikuja ofisini asubuhi, mapema kuliko karani. Hakulia. Niliwazoea wanaolia, nilikuwa na kisanduku cha tishu kwa ajili yao.

"Madam, sijakuja kuomba marks," alisema. "Nataka tu kuona booklet yangu. Unionyeshe mahali nilidanganya."

"Hukudanganya. Umekosea lugha."

"Sawa. Tuangalie."

Nilikitoa kijitabu kabatini nikamfungulia, nikaanza kumhesabia viduara kama ilivyokuwa desturi yangu. Tulipofika mwisho aliweka kidole kwenye ule mstari wa buluu.

"Hii si mwandiko yangu."

"Ya nani basi?"

"Ni ya Sista. Aliandika akichukua booklet. Madam, hata Sista umemkata?"

Nikausoma ule mstari, mara hii nikitaka kujua unasema nini. Ulisema: imesomwa, daktari ameitwa, plasta imepasuliwa hapo hapo. Nikarudi juu nikazisoma kurasa zote mbili bila kalamu mkononi. Nasimiyu alikuwa ameandika kwamba mzee anasema yuko sawa lakini anatoka jasho. Kwamba vidole vya mguu ni baridi, amevigusa na mzee hakusikia. Kwamba dawa ya maumivu haijamsaidia, na tangu alfajiri anaona plasta kama imekuwa ndogo. Halafu palikuwa na jambo lililonikalisha chini. Mzee alipomjibu kwamba hana shida, Nasimiyu alimuuliza, "Mzee, ungekuwa Kikopey saa hii, ungesimama ukate nyama?" Na mzee akamjibu, "Hata kisu singeshika." Yote hayo yalikuwemo, kwa Kiingereza kibovu, na yalikuwa yanaeleweka kila neno. Mimi niliyapita yote nikihesabu makosa.

Nilimwambia anipe siku mbili. Kesho yake nikaenda wodini.

Sista Muthoni, yule mkuu wa wodi, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, ukitaka kuongea naye inabidi umfuate. Nilimfuata kati ya vitanda nikimuuliza ilikuwaje.

"Damu haikuwa inafika kwa mguu," alisema. "Mimi nilikuwa na wagonjwa thelathini na nane. Nilikuwa nangoja round ya daktari. Nikafungua tu hiyo booklet ya Nasimiyu nikiikusanya, nikasoma juu juu, nikakimbia. Tungengoja, huyo mzee angekatwa mguu. Ameenda nyumbani na zote mbili."

"Na kijitabu cha Kelvin?"

Hapo akasimama. "Mwalimu, naomba nikuambie ukweli na usikasirike. Wale watu wako wa juu wote huniletea karatasi safi. Karatasi safi hainisaidii. Unajua huwa wanaambiana nini hapo nje kabla waingie? Andika kidogo upite."

Niliona aibu. Nilitamani kumlaumu Kelvin, lakini Kelvin alikuwa amefanya hasa nililomfundisha. Mzee alimwambia yuko sawa, naye akashukuru, maana mtu aliye sawa hana makosa ya kukatwa. Kwa miaka yote niliwazoeza wauguzi kunyamaza, na anayenyamaza zaidi nikampongeza kwa kalamu nyekundu. Sijui ni wagonjwa wangapi walilala wodini na maneno yao hayakuandikwa kwa sababu yangu. Naomba Mungu anisamehe, na nyinyi msiharakishe kunisamehe kabla hamjanisikiliza hadi mwisho.

Alama zikishapelekwa kwa bodi ya mitihani hazirudi, isipokuwa mwalimu mwenyewe aandike barua kukiri amekosea na kufika kuhojiwa. Mimi nilijulikana chuoni kote kama mwanamke asiyekosea. Barua ile niliiandika mara nne, na mara tatu za kwanza nilijikuta najitetea.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mtu wa sauti ya upole, na wa hivyo ndio wa kuogopa.

"Mwalimu," aliniambia mbele ya wote, "makosa arobaini na moja yapo ama hayapo?"

"Yapo."

"Ulihesabu vibaya?"

"Nilihesabu sawasawa. Kipimo ndicho kibovu."

"Lakini hicho kipimo ndicho umetumia miaka yote. So unatuambia umekuwa ukisahihisha vibaya tangu uanze hapa?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni na lilikuwa zito. Nikalitoa. "Ndiyo."

Wakazozana saa nzima, nami nikakaa pale pale kwenye kiti, sikukubali kutoka nje wakati wanamjadili mtoto wa watu. Mwisho wakakubali jambo moja tu: Nasimiyu afanyiwe mtihani mpya, wa kusimama kitandani na kutoa ripoti ya zamu kwa mdomo, mbele ya mtahini wa kutoka chuo kingine. Akianguka, anakwenda. Ya wengine waliopita kwa kipimo kile, akina Kelvin, hawakutaka kuyasikia.

Tulipewa wiki tatu. Yaliyofanyika katika wiki hizo ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo wenye kuandika waandike. Kwanza, nilimwambia aanze na kile kinachomtisha. Kama vidole ni baridi, sentensi ya kwanza iwe vidole ni baridi. Jina, umri na mtaa vitafuata. Pili, sentensi moja ibebe jambo moja, halafu apumue. Alikuwa akisahau kupumua, nikawa nagonga meza kila nukta, hadi siku moja akaniambia, "Madam, hiyo meza itapata fracture." Jingine ni lile ambalo yeye ndiye aliyenifundisha: mgonjwa wa huku ukimuuliza kama anaumwa atakwambia hajambo, hasa mwanamume na hasa mbele ya kijana. Muulize kazi yake. Muulize kama angeweza kubeba mtungi, kufyeka, kukata nyama. Na maneno yake yaandike kwanza kama alivyoyasema, tafsiri ije baada ya hapo, na ukikosa tafsiri yaache hivyo hivyo. Nilipokuwa na umri wenu ningemkata mtu nusu alama kwa kuandika Kiswahili kwenye faili.

Sasa mna simu zinazoandika ripoti nzima kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Sizigombi. Ila simu haijagusa vidole vya mtu. Mwanafunzi akikuletea ripoti tamu, mwambie aiweke chini akuhadithie mgonjwa alikuwa na uso gani, na utajua kama alifika kitandani.

Siku ilipofika, mtahini alikuwa bwana mrefu wa tai, faili kifuani. Nasimiyu alipelekwa kwa mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji. Alisimama miguuni pa kitanda, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Nilihesabu sekunde hadi nikaacha. Mtahini akatazama saa. Mimi nilikuwa nimekatazwa kusema neno.

Nasimiyu akatuacha. Akatupa mgongo sote, akainama kwa mgonjwa. "Mathe, umeamkaje? Umeweza kukaa umnyonyeshe?"

"Excuse me," mtahini alisema, "ripoti ni kwangu."

"Muache amwongeleshe," alisema Sista Muthoni, aliyesimama nyuma yetu. "Hii ni wodi yangu."

Wakaongea, dakika mbili hivi. Kisha Nasimiyu akageuka, na ikatoka. Mama hawezi kukaa, maumivu yamehamia upande wa kulia, kidonda kina joto, mtoto amenyonya mara moja tu tangu asubuhi, naomba daktari amwone kabla ya zamu kubadilishwa. Alikosea, ndiyo, nilisikia kila kosa, masikio yangu hayajastaafu. Mtahini aliuliza maswali manne, akajibiwa yote. Alimpa ishirini na moja. Nilitoka nje nikalia kwenye benchi la jamaa za wagonjwa, mama mmoja nisiyemjua akanipa pole akidhani nimefiwa.

Nasimiyu alinikuta pale. Nilitarajia shukrani, sitawadanganya. Nilikuwa nimeshaandaa na jibu.

"Madam, na wale wengine?" aliniuliza.

"Wepi?"

"Wenye walienda nyumbani kabla yangu. Third time. Walikuwa wanaandika kama mimi."

Nilikwenda ofisini nikafungua madaftari ya matokeo yote ya zamani. Walikuwa tisa. Vijitabu vyao vilishachomwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kujua waliandika nini. Majina ndiyo yaliyobaki. Bodi iliniambia, ukiwapata na wakitaka, waombe upya kama wanafunzi wapya. Nilistaafu mwaka uliofuata, na hiyo ndiyo kazi ninayoifanya tangu wakati huo, kwa miguu na kwa simu. Nimewapata sita. Wawili wamerudi masomoni, mmoja ana mvi. Mmoja alinifukuza, na alikuwa na haki yake. Watatu waliobaki nitawapata.

Wa sita nilimpata Elburgon mwezi uliopita. Anaitwa Kibet, anaendesha msumeno mkubwa wa kupasulia mbao. Nilimkumbuka uso nilipomwona, ijapokuwa ulijaa vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Nikamweleza yote nikipiga kelele juu ya mlio wa mashine. Nikamwambia chuo kitampokea.

Alitikisa kichwa. "Niko na watoto wanne, Madam. Hiyo ilipita."

Nikampa barua niliyomwandikia kwa mkono wangu. Aliitazama bila kuifungua, akawatazama wenzake waliokuwa wakipakia mbao kwenye lori.

"Hawa huniita Dakitari," alisema. "Tangu nikuje. Unajua ni ya kunicheka?"

Nikasema sasa najua.

Akanyoosha mkono akazima msumeno. Kimya kilichofuata kiliwafanya wote wageuke. Akanirudishia barua.

"Wasomee."

Nikaifungua nikaanza. Nilikuwa nimeiandika kwa Kiingereza kizuri sana.

"Hapana, Madam," alisema. "Na Kiswahili. Wote wasikie."

Nikaisoma kwa Kiswahili, nimesimama kwenye vumbi la mbao mbele ya wanaume kumi waliokunja mikono. Nikasema kwamba mimi ni mwalimu wake. Kwamba huyu mtu hakufeli kwa ujinga. Kwamba nilimpima kwa kipimo kibaya nikamfukuza, na kosa lilikuwa langu. Hakuna aliyecheka. Nilipomaliza nikaikunja ile karatasi ili nimpe.

Hakuipokea. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika mpini wa mashine.

"Hapo pa mwisho, Madam," alisema. "Rudia."

Nikarudia.